Golikipa Aliyefungwa Plâtre Kwenye Mkono Mzima

Léocadie Habarurema hakuwahi kuomba kuwa golikipa. Siku alipopewa kazi hiyo alikuwa anapita nyuma ya goli, madaftari kwapani, akitafuta kivuli cha kusomea, huku wasichana wa timu ya mpira ya chuo kimoja cha Goma wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa mchanga mweusi wa volkano unaochuna magoti kama msasa. Barabarani Fuso moja iliyopakia kabichi mpaka juu ikapasuka tairi. Paa! Wasichana wote wakageuka kutazama barabara. Kocha Gauthier peke yake alikuwa anatazama upande wa goli, na alichokiona kilifanya filimbi imtoke mdomoni: yule msichana wa madaftari alikuwa ameruka mita tatu, amelala kifudifudi kando ya mlingoti, mikono mbele, na makaratasi yake bado yalikuwa hewani.

"Mumeona ile plongeon?" akapiga kelele. "Kule Ulaya banalipa kocha miaka kumi juu afundishe mutu ile kitu!"

Msichana alikuwa amekwisha kusimama, anajipangusa vumbi na kuokota karatasi zake kwa haya.

"Weye, dada! Unadakaka wapi?"

"Sidakake, Kocha. Niko G1, mwaka wa kwanza, nasoma kilimo, agronomie."

"Kuanzia leo unadaka. Agronomie itakungojea."

Kocha Gauthier hakuuliza amejifunzia wapi. Kama angeuliza, angejibiwa: Kibati, mwaka 2008, kwenye mahema ya wakimbizi, na mwalimu wangu alikuwa bomu. Lakini mtu akiokota golikipa njiani haulizi ametoka wapi. Anamvisha glavu haraka kabla timu nyingine haijamwona.

Na Léocadie alikubali, kwa sababu ambayo haikuwa siri: wasichana wa timu walisoma bure. Baba yake alikuwa mkulima wa kabichi Kibumba, na katika miaka ile kabichi zake zilikuwa zimevunwa na majeshi matatu tofauti, yote yakisema yamekuja kumkomboa. Kwa hiyo hesabu ya binti ilikuwa fupi. Kudaka ni kusoma. Kuacha kudaka ni kukaa Mabanga mlangoni kwa Tantine Olive, dada ya baba yake, kupanga nyanya mafungu mafungu mpaka uzeeni.

Msimu wa kwanza aliwatisha watu. Mechi nane, magoli mawili tu, na moja kati ya hayo lilifungwa na beki wake mwenyewe. Kisha siku moja kwenye mazoezi bidon tupu ya njano, hizi za lita ishirini za kuchotea maji, ilianguka kutoka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyokuwa inapita, bum, na Léocadie akaruka. Kocha Gauthier akakuna kidevu. Kesho yake akaja na bidon yake mwenyewe na fimbo. Kila mshambuliaji alipojiandaa kupiga shuti, Kocha nyuma ya goli alipiga bidon, na golikipa wake aliruka kabla mguu haujagusa mpira. Jambo hilo aliliita méthode. Alilichora ubaoni kwa mishale, akalieleza kwenye redio moja ya mji kwa dakika arobaini nzima. Mashabiki wakasikia. Mechi iliyofuata walikuja na bidon zao. Mechi ya baada yake zilikuwa hamsini, zote zimepangwa nyuma ya goli la Léocadie, kwa heshima yake. Walimpa na jina: Sumaku.

Hakuna aliyemwuliza Sumaku hali. Mtu akishinda, hali ya nini? Aliyejua ni Jolie peke yake, beki wa kati, mwanafunzi wa uuguzi mwenye mdomo usiofungika. Kila baada ya mechi, mashabiki wakicheza getini, Jolie ndiye aliyemshikia mwenzake misuko nyuma ya choo cha chuo ili asiitapikie.

Mwaka wa pili, 2013, vita vilisogea tena mpaka kwenye mlango wa mji, na mabomu yakaangukia mitaa. Moja halikuwa mbali na nyumba ya Tantine Olive. Nyumba ilibaki imesimama. Kilichoanguka ni usingizi wa Léocadie. Alisinzia kwenye auditoire, ukumbi wa masomo, akashtuka profesa alipofunga kitabu, na mara mbili alijikuta chini ya dawati akiwa hajui amefikaje, wakati wenzake wananakili mzunguko wa naitrojeni.

Katika nusu fainali alianguka dakika ya kumi na mbili. Mpira haukuwa karibu. Ulikuwa upande wa pili unarushwa. Alijikunja kando ya mlingoti, mikono juu ya kichwa, na hakuinuka. Mashabiki wakadhani ni mbwembwe, wakazidisha bidon. Mpira ukaja polepole, ukampita kama mama mzee anayekwenda misa ya kwanza, ukaingia. Ukaja wa pili. Jolie akaacha watu wake, akalala chini uso kwa uso na mwenzake.

"Léoca. Ni bidon. Sikia mie: ni bidon tu."

Mwamuzi akampa Jolie kadi ya njano kwa kupoteza muda.

Timu ilishinda hata hivyo, nne kwa tatu, kwa hiyo kulikuwa na fainali, na komite ya michezo ikaitwa kwa haraka. Prezida wake alikuwa Bwana Kataliko, chef de travaux, yaani mhadhiri ambaye bado si profesa, ambaye amekuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari tangu nchi inaitwa Zaire. Komite ilichunguza jambo hilo kisayansi. Kwanza ilisemekana wapinzani wamezika kitu golini. Wakatumwa watu wawili na jembe. Chini ya ule mchanga ni mwamba wa lava. Mchawi wa kuzika kitu pale angehitaji baruti. Jembe lilivunjika, goli likakutwa halina hatia. Pili, mimba. Akapimwa. Hakuwa nayo, na komite ilisikitika, maana mimba ingekuwa maelezo safi. Tatu, maombi ya siku tatu bila kula. Golikipa asiyelala akawa golikipa asiyelala na asiyekula.

Mwisho akapelekwa kwa Dokta Dieudonné, mganga wa timu. Dokta alimpima uzito, akamkunja magoti, akamfungua mdomo akamhesabia meno.

"Dokta, silali," Léocadie akasema mara mdomo ulipoachiwa.

"Tangu lini?"

"Miezi tatu. Na nikisikia kitu inalia, sijue tena niko wapi."

Dokta akacheka, si kwa ubaya. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka. "Mutoto wangu, nani analalaka mu Goma? Mie silali. Bibi yangu halali. Ata imbwa yetu inakesha. Vita ilitupata siye wote." Na akaandika kwenye karatasi: Apte. Anafaa kucheza.

Léocadie akaichukua karatasi akaondoka, kwa sababu ilikuwa kweli. Vita iliwapata wote. Na kwa kuwa iliwapata wote, hakuna aliyeruhusiwa kuugua kwa ajili yake.

Kanuni ya komite ilikuwa wazi: mchezaji aliyeumia anapumzika na masomo yake yanaendelea, anayekataa kucheza anafutwa. Na kuumia kulijulikana. Murhula, winga wa kulia, alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, amefungwa plâtre, ule udongo mweupe wa hospitali unaokauka kama jiwe. Tangu siku hiyo alikuwa malkia.

"Amepata sukari, amepata sabuni, amepata jus ya maracuja," Jolie alihesabu kwa vidole, wamekaa jikoni kwa Tantine Olive. "Kocha alimubeba mu mugongo mpaka kwa choo. Kifundo tu! Ata haikuvunjika! Na weye mwenye hauwezi kusimama, banakukatalia chakula."

"Banasema niko apte."

"Shida yako ni haionekane. Komite inaamini kitu yenye inaonekana. Tuipatie kitu ya kuona."

"Hiyo ni bongo, Jolie, ni kudanganya."

"Si bongo. Ni traduction, ni kutafsiri tu."

Bandeji za plâtre zilitoka kwenye mafunzo ya vitendo ya Jolie, na hospitali haikuulizwa maoni yake. Walizilowesha kwenye sufuria ya foufou, ule ugali wa muhogo. Tantine Olive akachungulia mlangoni.

"Munapika nini?"

"Mukono, Tantine."

Tantine akautazama ule mkono wa kushoto wa binti wa kaka yake ukigeuka mweupe, akatazama macho yake yaliyoingia ndani kama madirisha ya nyumba iliyohamwa, akarudi kwenye nyanya zake. "Sufuria muisafishe muzuri," akasema.

Basi, dunia ikabadilika. Kocha Gauthier alilia machozi ya kweli na kumbebea mkoba. Profesa aliyekuwa akimfukuza kwa kusinzia alimpa kiti karibu na dirisha na kumwambia apumzike akichoka. Wasichana wa timu walitia sahihi kwenye plâtre. Komite nzima ilifika Mabanga na kilo mbili za sukari, ikapigwa picha ikiwa imeshika sukari hiyo, na picha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo. Bwana Kataliko hakutia sahihi tu, aligonga na muhuri. Na kwa kuwa aliyevunjika mkono hafanyi mazoezi, hapakuwa na bidon. Wiki ya kwanza Léocadie alilala saa tatu kwa mfululizo. Alipoamka alidhani amekufa.

Tatizo la kupendwa na komite ni kwamba haikuachi. Fainali ilikuwa bado mwezi mmoja, na Bwana Kataliko hakuwa na imani na kasi ya plâtre ya hospitali. Siku moja alitokea kwa Tantine Olive akiwa na Mama Athanasie, mfunga mifupa, mjane wa hapohapo Mabanga anayeuza makala, makaa ya kupikia, na kuunga mifupa ya mtaa mzima, na vidole vyake vyeusi ni kama koleo.

"Toka inje, muzee," Mama Athanasie akamwambia prezida. "Mie sifanyakake mbele ya komite."

Prezida akatoka. Mama Athanasie akakaa kwenye kiti kifupi, akashika vile vidole vinavyochungulia kwenye plâtre, akavibonyeza kimoja kimoja.

"Uliangukaka aje?"

"Niliteleza mu mazoezi."

"Ni nini ilitangulia chini, kiganja ao kiwiko?"

"Kiganja."

"Na sasa nikibonyeza hapa unasikia nini?"

"Inauma."

"Inauma nini! Mukono hii ni muzima kama ya polisi wa roulage, ule wa barabarani, iko tayari kunyooka siku yote." Akauachia. "Sema ya kweli. Ni nini ilikuvunja? Mie siwezi kufanya kazi kama sijue mutu aliangukaka aje."

Hiyo haikuwa huruma. Ndiyo kazi yake ilivyo. Miaka ishirini ya mifupa ilimfundisha kwamba watu wanadanganya juu ya kuanguka, na kwamba kila anguko lina mahali pake pa kuvunja. Kwa hiyo hagusi mfupa kabla hajasimuliwa tangu mwanzo, na kila mtu akirudi anasimulia tena, yaleyale. Siku anayosimulia mpaka mwisho bila kukwama katikati, Mama Athanasie anajua mfupa umeshika, na anafungua vijiti. Alikosea mara moja tu, kwa mgombea ubunge mmoja, ambaye alisimulia bila kukwama tangu siku ya kwanza.

Léocadie akaanza. Kibati, mwezi wa kumi, mwaka 2008. Yeye ana miaka kumi na tatu. Wako kwenye foleni ya maji, kambini, tangu alfajiri. Zamu yao imefika, wamejaza, wanarudi. Yeye mbele na kibidon kidogo. "Mama alikuwa nyuma yangu na bidon mbili," akasema, na hapo akakwama, na mdomo ukakataa kabisa.

Mama Athanasie akafunga kitambaa chake kichwani. "Rudi Ijumaa. Ukuje kwangu, utanichagulia makala na ule mukono yako ingine. Huyu muzee wa inje nitamuambia mufupa ni mubaya."

Akaenda Ijumaa, akaenda Jumanne. Alichagua makala, makubwa huku, vumbi kule, na kila mara alianza Kibati, foleni, alfajiri, na kila mara alikwama kwenye zile bidon mbili. Mara ya nne, hata yeye hajui kwa nini, mdomo uliendelea. Watu walipiga kelele lala chini. Bomu likaja. Yeye alilala. Mama yake hakulala.

"Alibaki wima," akasema. "Juu maji isimwangike. Tulikuwa kwa ligne tangu alfajiri, hakutaka imwangike."

Mama Athanasie aliacha kuchagua. Mteja akaja na kikapu, akaambiwa arudi baadaye.

"Na maji?"

"Ilimwangika."

Mama Athanasie alisema yale makala ya chini yamelowa, yapelekwe juani. Léocadie akayapeleka juani.

Haikuwa muujiza. Pikipiki ikikohoa bado alishtuka, na kuna siku alirudi kukwama palepale. Lakini alilala kwa muda wa saa tano, wakati mwingine sita, na alifaulu mtihani wa udongo, akiwa anaandika huku mkono mzima ukimwasha ndani ya plâtre.

Kisha, wiki ya fainali, Bwana Kataliko alitangaza redioni kwamba Sumaku amepona. Plâtre ingefunguliwa Jumamosi katikati ya uwanja, mbele ya watu, na mashabiki waliombwa waje na bidon mia.

Ijumaa mchana Léocadie aliingia kwenye ofisi ya komite akiwa na Jolie nyuma yake na mfuko wa plastiki mkononi. Kutoka kwenye mfuko alitoa ile plâtre, vipande viwili, sahihi na muhuri juu, akaviweka mezani kati ya chupa za Fanta.

"Imepona!" Bwana Kataliko akasimama.

"Haikuvunjikaka, muzee."

Kocha Gauthier, aliyekuwa amekaa kando ya prezida, aligeuka mweusi kuliko uwanja wake. "Ulitudanganya? Wiki tano nzima? Mie nililia, Léocadie! Nililia mbele ya batu!"

"Nilisema ukweli kwa Dokta, akaandika apte. Mulichimba goli. Mulinipima mimba. Mulininyima chakula. Ukweli hamukuusikia. Nilisema bongo mara moja tu, mukaleta sukari."

"Na picha," Jolie akaongeza.

"Nyamaza, Jolie," Léocadie akamwambia.

Kisha akamgeukia Kocha Gauthier, akamsimulia. Kibati, alfajiri, foleni, bidon mbili, mama aliyebaki wima. Alisimulia akiwa amesimama, mpaka mwisho, hakukwama. Haikuchukua hata dakika tatu. Kocha alitazama mikono yake mwenyewe kama mtu aliyekuta vitu vya watu mfukoni mwake.

"Naomba ile ruhusa yenye mulinipatia juu ya mukono," Léocadie akamwambia prezida. "Ileile, bila mukono. Mpaka mwisho wa mwaka. Na masomo ibaki."

Ingefaa kuandika hapa kwamba komite iliguswa. Bwana Kataliko alivua miwani, ndiyo. Lakini alipoivaa tena alitazama dirishani, upande wa ubao wa matangazo, alipokuwa amebandikwa yeye mwenyewe anatabasamu na kilo mbili za sukari mbele ya mkono usiovunjika. Akawaza mji mzima ukicheka. Akavuta karatasi. Aliandika kwamba mchezaji amepewa mapumziko "kwa sababu za afya," masomo yake hayaguswi, na hakutaja kiungo chochote cha mwili. Akagonga muhuri. Kanuni haikubadilishwa hata herufi moja, na Dokta Dieudonné bado anahesabu meno.

Getini Kocha Gauthier akawafuata mbio.

"Léoca. Sikujua."

"Hukuuliza, Kocha."

Kesho yake, kabla ya mechi, watu walimwona Kocha akipanda jukwaani kwa mashabiki na kuwanyang'anya bidon moja moja, akizirundika nje ya uwanja, huku wakimrushia maganda ya ndizi na kumwita mhaini. Alikusanya zaidi ya themanini. Golini alisimama Lucie, wa akiba, msichana asiyeogopa chochote duniani, na mpira ulilitumia jambo hilo vizuri: walifungwa tano kwa bila.

Jolie hakungoja kubadilisha nguo. Alifika Mabanga na viatu vyake vya njumu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakuta Tantine Olive amekaa mlangoni, amefunga njia kwa kiti.

"Yuko wapi? Nimuambie!"

"Amelala."

"Saa hii? Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa sita."

"Tantine, tumepigwa tano!"

"Semea chini."

"Ilikuwa fainali!"

"Imeisha, ao haijaisha? Basi. Kaa, ule foufou. Akiamuka utamuambia. Asipoamuka leo, utamuambia kesho."

Jolie akatazama ndani. Katika giza la chumba aliona mguu mmoja umetoka nje ya blanketi, haujajikunja, umenyooka tu. Akakaa chini. Akafungua kamba, akavua kiatu cha kwanza, na akakiweka sakafuni polepole kwa mikono miwili, kisha cha pili.